Kuku king'ang'anizi wa kuatamia: umwachie, umtie tengani, au umpe vifaranga wa kununua?

Mwezi uliopita niliingia bandani jioni kukusanya mayai nikakuta viota viwili vimekaliwa. Kwenye kiota cha pembeni alikuwa Kishungi, kuku wa kienyeji mwenye kishungi cha manyoya kichwani, anayeatamia kuliko kuku wangu wote. Kwenye kiota cha juu alikuwa Madoa, chotara niliyemnunua kwa ajili ya mayai. Nilipopeleka mkono, wote wawili wakatutumua manyoya na kunguruma kwa sauti ya chini, na Kishungi akanidonoa kwenye kifundo cha mkono.

Usiku ule Kishungi nilimwekea mayai kumi na moja. Madoa nilimtoa kiotani, nikamtia tengani. Jirani yangu, aliyekuwa amenishikia tochi, akauliza, "Dada, mbona huyu unampa na yule unamnyima?"

Ni swali zuri, na jibu lake si fupi. Nafuga hapa Kihonda, Morogoro, kuku wasiozidi ishirini nyuma ya nyumba, na karibu kila njia nitakayoieleza nimeipitia kwa mikono yangu. Nyingine sitazirudia tena.

Hakikisha kwanza kwamba anaatamia kweli

Kuku kukaa kiotani si lazima awe anaatamia. Mtetea anayetaga kwa mara ya kwanza anaweza kukaa saa nzima au zaidi. Kuku mgonjwa naye hujikunyata humo kwa sababu ni mahali penye giza na utulivu. Aliyekwamiwa na yai husimama wima kama anayejikamua, mkia ukipanda na kushuka, na upanga wake wa kichwani hupauka. Huyo anahitaji msaada siku hiyohiyo. Ukimdhania anaatamia ukamwacha, asubuhi unaweza kumkuta amekufa.

Kipimo changu ni usiku. Wengine wakishapanda kwenye fito zao za kulalia, naingia na tochi. Anayeatamia atakuwa bado kiotani, amejitandaza kama chapati, wala haogopi mwanga. Namwingiza mkono chini ya kifua: manyoya yamenyonyoka, ngozi iko wazi na ina joto kali, maana ameyang'oa mwenyewe ili mayai yaguse mwili. Kesho yake ataondoka kiotani mara moja tu, atakunywa, atadonoa harakaharaka, atakunya bonge moja kubwa lenye harufu mbaya ambalo ukilikanyaga hutalisahau, kisha atarudi mbio. Ukiona hayo, huna haja ya ushahidi mwingine.

Halafu amua mapema, usiku huohuo au unaofuata, na nitaeleza kwa nini.

Njia ambayo wengi tunaichagua bila kujua

Njia hiyo ni kutofanya lolote. Unayachukua mayai kila jioni, unamtoa kuku kiotani, anarudi, unamtoa tena, na unajiambia atachoka mwenyewe.

Hachoki. Kuku akianza kuatamia, mwili wake hutoa kwa wingi homoni iitwayo prolaktini. Homoni hiyo huzuia utagaji na humfanya ang'ang'anie kiota. Na kukaa kiotani kwenyewe, ngozi ya kifua ikigusa mayai au hata majani makavu, ndiko kunakoifanya iendelee kuwa juu. Kwa hiyo kumtoa mara tatu kwa siku na kumwacha arudi ni kazi ya bure, kwa sababu kila akirudi anajiwasha upya. Wala hahitaji mayai. Kuku atalalia jiwe, atalalia sakafu tupu.

Kishungi alilalia kiota kitupu kwangu wiki sita mwaka wangu wa pili wa kufuga. Mimi nilikuwa na shughuli nyingi nikasema nitalishughulikia wikendi, na wikendi zikapita. Nilipokuja kumshika vizuri, mfupa wa kifua ulikuwa unachoma kiganja kama ukingo wa ubao. Upanga ulikuwa mweupe. Nilipofunua manyoya chini ya mkia, utitiri ulikuwa unatembea kama vumbi lenye uhai, ukanipanda mpaka kwenye kiwiko. Kuku anayeatamia haogi vumbi vya kutosha, hali vya kutosha, na hatoki mahali pamoja, kwa hiyo wadudu wanamkuta amekaa tu. Ilinichukua miezi miwili kumrudisha katika hali yake, na katika muda wote huo sikupata yai hata moja wala kifaranga.

Ndiyo maana nasema njia yoyote kati ya hizi zinazofuata ni bora kuliko hiyo.

Kumwachia aatamie

Hii ndiyo njia yenye faida kubwa na yenye mitego mingi, kwa hiyo nitakaa hapa muda mrefu kidogo.

Sharti la kwanza ni mayai yenye mbegu. Kama huna jogoo, mayai ya banda lako hayatatotoa hata akiyalalia mwezi mzima. Itabidi uyatafute kwa mtu mwenye jogoo, na uyataje kwa jina lake: mayai ya kutotolesha, si ya kula. Yasizidi siku saba tangu kutagwa, yasiwe yameoshwa, yasiwe na ufa, na usichukue makubwa kupita kiasi wala madogo kama ya njiwa. Unapoyahifadhi, ncha iliyochongoka iangalie chini, mahali pa baridi kiasi na kivuli.

Idadi inategemea kuku. Kishungi ni mdogo, namwekea kumi au kumi na moja. Kuku mwenye mwili mkubwa anabeba hata kumi na tatu. Ukiona yai limechungulia pembeni ya manyoya, umezidisha, na madhara yake hayaishii kwenye yai hilo moja. Kuku huyageuza na kuyahamisha mayai kila siku, kwa hiyo lililo nje leo kesho litakuwa ndani na jingine litakuwa nje, mwishowe mengi yatapoa kwa zamu.

Sharti la pili ni mayai yote kuanza siku moja. Hapa ndipo nilipoumia. Mara ya kwanza kabisa nilimwacha kuku aatamie kwenye kiota kilekile ambacho wenzake walikuwa wanataga. Walikuwa wanaingia, wanambana, wanataga, wanatoka. Siku ya ishirini na moja vifaranga watatu walitoka. Siku iliyofuata mama akashuka nao kwenda kuwafundisha kula, akayaacha mengine. Jioni nilipoyakusanya nikitaka kuyatupa nilisikia mlio ndani ya yai moja. Nililiweka sikioni. Kilikuwa kinagonga, na ganda lilikuwa la baridi. Nilikifunga kwenye kitambaa karibu na jiko la mkaa, lakini hakikufika asubuhi.

Tangu siku hiyo kila yai ninaloweka nalizungushia mstari wa penseli. Kila jioni kuku akitoka kula napitisha macho, na yai lisilo na mstari linaondoka. Na zaidi ya hapo, kuku anayeatamia namhamishia mahali pake peke yake. Namhamisha usiku, kiota kikiwa tayari kwenye boksi au karai kuukuu lenye majani makavu na majivu kidogo chini kwa ajili ya utitiri. Asipokuwa mzoefu kama Kishungi, kwanza namwekea mayai mawili ya kujaribia ambayo siyajali. Kama hadi kesho jioni ametulia juu yake, ndipo nampa mazuri. Akigoma, akawa anahangaika kurudi kiota cha zamani, sijapoteza kitu.

Siku ya saba nayapima kwa tochi ya simu gizani. Yai lenye uhai lina mishipa myembamba kama utando wa buibui na doa jeusi katikati. Lisilo na kitu linang'aa lote kama siku uliyoliweka. Hayo mepesi nayaondoa, na siku ya kumi na nne narudia kuyaondoa yaliyokufia njiani, kwa sababu yai viza likipasuka chini ya kuku hukiharibu kiota kizima. Kuanzia siku ya kumi na nane simgusi tena. Maji na chakula viko mbele yake, na mimi nakaa mbali.

Kuku hodari humtoa kifaranga kwenye karibu kila yai lenye mbegu, bila umeme na bila kipimajoto. Nina rafiki mwenye mashine ndogo ya kutotoleshea, na umeme ukikatika usiku yeye ndiye anayeamka kuweka chupa za maji ya moto. Kishungi hajawahi kuniamsha.

Lakini hesabu gharama yake. Siku ishirini na moja za kuatamia. Kisha malezi: ukimwachia mama alee mpaka awafukuze mwenyewe, ni miezi miwili hadi mitatu mingine. Ukiwatenga vifaranga na mama yao wakiwa na wiki nne, ukawapa joto la taa au jiko la kulelea, kuku anarudi kutaga wiki mbili tatu baadaye. Kwa maneno mengine ni miezi miwili na kitu bila yai, au minne ukimwachia.

Na kuna mwewe, kicheche, paka wa jirani na mvua. Kwetu vifaranga waliototolewa katikati ya masika nimewazika wengi kuliko wale wa Juni. Sakafu inalowa, kuhara damu kunaingia, na mbu wa msimu huo wanaleta ndui. Sasa kuku akianza kuatamia Aprili nafikiri mara mbili, hata awe Kishungi. Akianza mwishoni mwa Mei sisiti hata kidogo, nampa mayai.

Kumkatisha

Hapa watu wana mbinu nyingi, na hazilingani hata kidogo.

Maji ndiyo maarufu. Unamchovya kuku kwenye ndoo mpaka kifua kilowe, unamwachia, kesho unarudia. Nilifanya hivyo miaka ya mwanzo kwa sababu shangazi yangu alifanya. Tatizo ni kwamba manyoya ya kuku yana mafuta, maji yanateleza juu, na ukilazimisha mpaka ngozi ilowe unamtia baridi na hofu kwa wakati mmoja. Akikauka, anarudi kiotani akiwa vilevile, ila sasa anakukimbia. Kwenye joto la mchana huenda asidhurike. Asubuhi ya Julai, wingu likiwa limelala juu ya milima ya Uluguru, unaweza kumdhuru kwa baridi. Nimeacha.

Kupitisha unyoya puani ni mbinu ya zamani. Unyoya unachomekwa tundu hadi tundu, kuku anashughulika na kero hiyo na kusahau kiota. Ni maumivu, tundu la pua linaziba, na kidonda kinaweza kuoza. Sijawahi kumfanyia kuku wangu na naomba na wewe usifanye. Kuku hana kosa. Mwili wake unafanya kile ulichoumbwa kufanya.

Kumpeleka kwa jirani akae siku chache na kuku wageni hufanya kazi kwa wengi. Mazingira mapya, kiota kipya hakijui, wenyeji wanamfukuzafukuza. Lakini kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na huyu mgeni atarudi nyumbani. Akirudi na ugonjwa wa kideri, umelipoteza banda zima kwa ajili ya kumzuia kuku mmoja asilalie majani. Kama kuku wako na wa jirani wote wamepata chanjo ya kideri ya matone ya macho ndani ya miezi mitatu, hatari inapungua. Kama huna hakika, usimpeleke.

Kumfunga kamba mguuni chini ya mti ni bora kuliko hayo yote, na ni ya bei ya kamba. Anakuwa kwenye mwanga, mbali na kiota, anaona wenzake wakichakura. Kasoro zake ni tatu: kamba ikimkaza mguu unavimba, jua likihama kivuli kinamwacha, na mwewe akija kuku hana pa kukimbilia. Tena usiku lazima umfungue, na usiku ndipo anapokwenda moja kwa moja kiotani. Ukichagua njia hii, tumia kitambaa kipana badala ya kamba ya katani, na uwe nyumbani siku hizo.

Tenga ndilo ninalolitumia mimi. Ni tenga lilelile la fito la kubebea kuku sokoni. Naliweka juu ya matofali manne, hewa ipite chini, mahali penye kivuli lakini penye mwanga, wenzake wakimwona. Ndani hakuna majani, hakuna maranda, hakuna gunia. Fito za chini zimepishana, hakuna kona ya kujitandaza. Naning'iniza kopo la maji upande mmoja na la chakula upande mwingine, na juu nafunika kipande cha bati kwa ajili ya mvua. Analala humohumo usiku. Hili ndilo jambo linaloleta tofauti kubwa kati ya tenga na kamba: hakuna saa hata moja anayopata kurudi kwenye kiota, na kukosa kiota ndiko kunakoishusha ile homoni.

Siku ya kwanza atalia na kuzunguka. Siku ya kwanza ya Madoa, mwanangu mdogo alikuja kuniambia "mama, anaomba kutoka," na kweli sauti yake ilikuwa inaumiza. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Ukimfungua siku hiyo atarudi kiotani na itabidi uanze upya kutoka mwanzo, na mateso yake yatakuwa marefu zaidi. Siku ya tatu jioni namtoa kwa majaribio. Nafungua tenga nusu saa kabla ya giza na kumwangalia. Akienda kuchakura na baadaye akapanda kwenye fito na wenzake, amepona. Akielekea kiotani, anarudi tengani siku moja au mbili nyingine. Niliowawahi siku ya kwanza au ya pili wametoka siku ya tatu au ya nne. Niliowachelewesha wiki mbili, mmoja alikaa siku nane.

Baada ya kutoka hatagi mara moja. Mpe wiki moja hadi mbili mwili ujirekebishe, mlishe vizuri, mpe chokaa ya mifugo au maganda ya mayai yaliyosagwa. Madoa alitoka siku ya nne na akataga yai lake la kwanza siku ya kumi na tatu baada ya hapo. Weka hilo kando ya ile miezi miwili na kitu ya kuatamia na kulea.

Kumpa vifaranga wa kununua

Hii ni njia ya katikati na watu wengi hawaifikirii. Kuku yuko tayari kulea, wewe huna mayai yenye mbegu au hutaki kusubiri siku ishirini na moja, na wakala wa vifaranga yuko mjini. Unanunua vifaranga wa siku moja au mbili, unamwekea usiku chini ya tumbo, unayaondoa mayai ya bandia aliyokuwa akiyalalia, na asubuhi anaamka mama.

Ni rahisi hivyo? Mara nyingine. Kuku awe ameshaatamia wiki mbili hivi au zaidi; aliyeanza juzi bado hajafika kwenye hali ya kulea, na anaweza kuwadonoa mpaka kuwaua. Vifaranga wawe wachanga kabisa, maana wa wiki moja hawamsikilizi na hawajui kukimbilia chini ya mbawa. Mwekee wawili kwanza. Kaa hapo gizani usikilize. Ukisikia ile sauti laini ya kuku anayeongea na watoto, kook, kook, ya chini na ya polepole, mwongezee waliobaki. Alfajiri uwe umeshaamka kabla ya jua ili uwaone wanavyoonana usoni kwa mara ya kwanza. Dakika kumi hizo ndizo zinazoamua.

Ubora wake kwangu ni mkaa. Kulea vifaranga ishirini kwa jiko ni wiki tatu nne za kuamka usiku na kununua mkaa. Kuku mmoja mwenye mwili mzuri anafunika kumi na tano bila senti. Ubaya wake ni kwamba unalipia vifaranga, na wale wa kununua wanatoka mahali usipopajua, kwa hiyo uliza wamechanjwa nini na lini kabla ya kutoa pesa.

Wapo pia wanaomfanya kuku king'ang'anizi awe wa kutotoa tu. Wakianguliwa, vifaranga wanapewa kuku mwingine aliyeatamia siku ileile, naye huyo king'ang'anizi anarudishiwa mayai mapya. Kuku watatu wanaoanza usiku mmoja wanakupa vifaranga wa rika moja, rahisi kuwachanja na kuwalisha. Ili waanze pamoja, anayetangulia anashikiliwa na yai moja la kujifanya mpaka wenzake wafikie. Mimi namrudishia mara moja tu, na tena kama nyama ya kifua bado ipo. Kumrudishia mara ya tatu mfululizo ni kumla akiwa hai.

Basi uchague ipi?

Narudi kwenye swali la jirani. Anza na huyo kuku mwenyewe, kwa sababu jibu la Kishungi si jibu la Madoa.

Kishungi ni wa kienyeji halisi. Anataga mayai kumi na mbili, kumi na tatu, kisha anaatamia. Nimeandika kwa chaki nyuma ya mlango wa banda kila alipoanza, na mpangilio haubadiliki. Nikimkatisha leo, ananipa mayai kumi na tatu, na baada ya wiki tano au sita niko naye tengani tena. Kwangu yai la kienyeji nauza shilingi 500, kwa hiyo tenga lile linaniokolea kama 6,500 kila mzunguko, tena kwa gharama ya msongo wake na wangu. Mara ya mwisho alipoatamia mayai kumi na moja, tisa yalitotolewa na sita wakafika mwezi mmoja. Nikiwauza wa umri huo kwa 5,000 kila mmoja ni 30,000. Hata nikitoa chakula, kumwachia kunashinda. Kumkatisha kuku wa aina hii kila mara ni kupigana na jambo ambalo ndilo ubora wake.

Madoa ni kinyume. Chotara kama Kuroiler na Sasso, na kuku wa kisasa wa mayai, mara chache sana huatamia, kwa sababu tabia hiyo imepunguzwa katika uzalishaji wao. Akishikwa nayo mara moja na ukamkatisha, anaweza kutaga miezi mingi asiirudie. Anataga manne kwa wiki. Wiki kumi za kuatamia na kulea ni mayai arobaini. Zaidi ya hayo, chotara wengi si walezi wa kutegemewa. Wengine huacha mayai siku ya kumi na tano na kwenda kuchakura kana kwamba hawakuwahi kuyaona. Kwake, tenga, na mapema.

Kama huna jogoo na hutaki vifaranga, tenga pia, awe kienyeji au chotara. Kama huna jogoo lakini unataka kuongeza kuku, mwachie alalie mayai ya kujifanya wiki mbili, kisha mnunulie vifaranga. Kama ni katikati ya masika na banda lako linavuja, mkatishe hata kama unampenda, kisha tengeneza banda. Kama kuku amekonda, mfupa wa kifua umechongoka, usimpe mayai kwa hali yoyote. Mkatishe, mlishe, mzunguko ujao atapata zamu yake. Kama kila kuku uliyenaye anaatamia kila wakati na wewe unaishi kwa kuuza mayai, basi tatizo si kuku, ni aina uliyochagua. Ingiza mitetea chotara wachache, hao king'ang'anizi wabaki wawili watatu wa kutotolesha, wengine wauze kwa mtu anayetaka vifaranga. Atakushukuru.

Na mtu anayesafiri? Asimwache kuku tengani na mtoto wa shule kuwa ndiye wa kumkumbuka. Kopo la maji likianguka saa nne asubuhi, kufika jioni kuku yuko hoi kwa kiu. Aliye safarini heri amwachie aatamie, maana kuku juu ya mayai anajitunza kuliko kuku ndani ya tenga.

Leo ni siku ya kumi na tisa ya Kishungi. Mayai mawili niliyaondoa siku ya saba, tisa yapo. Jioni hii nimemsogezea maji mdomoni nikarudi nyuma, na nilipokuwa nafunga mlango nilimsikia anaongea na mayai kwa sauti ile ya chini. Madoa alikuwa juu ya fito, wa tatu kutoka ukutani.